Jina la Kwanza la Luteni Columbo

"Kitendawili!"

Wewe msomaji unajibu: "Tega!"

Mtu huyu ni askari mpelelezi wa Los Angeles. Amevaa koti la mvua lililokunjamana, na mvua yenyewe hainyeshi. Anaendesha Peugeot 403 iliyochoka, gari ambalo hata fundi wa chini ya mwembe angekushauri uliuze kwa kilo kama chuma chakavu. Ana mbwa, na jina la mbwa huyo ni Mbwa. Mke wake anamtaja kila wakati, mke wangu kasema hivi, mke wangu anapenda vile, lakini watazamaji hatuoneshwi hata kivuli chake. Na kila anapomaliza kumhoji mtuhumiwa anaaga vizuri, anafika mlangoni, kisha anageuka na kukumbuka swali moja dogo. Ni kipindi gani hicho cha televisheni?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Haya, nimekwenda Tanga, nimekula machungwa, nimelala, nimeamka na nimerudi. Jibu ni Columbo, tamthilia ya Kimarekani. Luteni mwenyewe aliigizwa na Peter Falk, kwa mara ya kwanza mwaka 1968 na kwa mara ya mwisho mwaka 2003.

Sasa ngoja na mimi nigeuke mlangoni kama yeye, niulize swali moja dogo. Luteni Columbo, jina lake la kwanza ni nani?

Usicheke, ndugu msomaji. Swali hilo dogo lilimpeleka mtu mahakamani mwaka 1984 akidai fidia ya dola milioni 300. Nilipokisikia kisa hiki kwa mara ya kwanza nilidhani ni porojo za vijiweni. Nilipokifuatilia nikakuta kumbe ni kweli tupu, na tena kina somo linalotuhusu sisi tunaokesha na kalamu na daftari tukibuni watu ambao hawajapata kuzaliwa. Ndiyo maana nimeamua kuandika historia ya mchezo huu wa kutegeana vipindi vya televisheni, ili tuulizane jambo moja tu: uwongo wa mtu ni mali ya nani?

Yai halina mwenyewe

Sisi wa huku tumekulia ndani ya mchezo huu. Bibi anatega, wajukuu wanafumbua. Nyumba yangu haina mlango. Yai! Hebu litazame vizuri hilo jibu. Yai ni la kila mtu. Hakuna mtoto ambaye hajapata kuliona, kulishika, na pengine kulivunja akachapwa. Hakuna mzee anayeweza kusimama akasema kwamba yai ni lake, kalibuni yeye mwaka fulani, kwa hiyo kila anayelitega amlipe. Kitendawili huchukua kitu kinachojulikana na wote kikakifunika kwa maneno. Ukikifunua, unakuta ulikuwa nacho siku zote jikoni kwenu.

Chemsha bongo ya televisheni ni ndugu wa kitendawili, lakini ni ndugu wa mama mmoja baba mbalimbali. Vidokezo vinatolewa vilevile, mmoja baada ya mwingine, na raha ya kufumbua ni ileile. Tofauti iko kwenye jibu. Mbwa aitwaye Mbwa hakuzaliwa kijijini kwetu wala kwenu. Kuna mtu alikaa chini akambuni, akalipwa mshahara wake. Kila kilichomo ndani ya kioo kile, kuanzia jina la mtu mpaka rangi ya kochi, kimewekwa na mkono wa mtu. Sasa ukikichukua na kukitega, umetega yai, au umetega mali ya mtu?

Swali hili lisingezuka kama watu wangekuwa hawana televisheni. Huko Marekani, mwaka 1950, nyumba 9 tu katika kila 100 zilikuwa na televisheni. Mwaka 1960 zilikuwa zimefika 87 katika kila 100. Miaka kumi tu! Likatokea taifa la watu wasiojuana, mmoja New York na mwingine Texas, ambao walikuwa wamewaona watu walewale na kucheka vichekesho vilevile, usiku uleule. Zamani watu wa mji mmoja ndio waliokuwa na yai lao la pamoja. Sasa nchi nzima ikapata yai moja, ila hili lilitagwa na kampuni.

Swali lililopangwa

Kabla watu hawajaanza kuulizana kuhusu televisheni, televisheni yenyewe ilianza kuuliza watu. Mwaka 1955 kituo cha CBS kilianzisha kipindi cha chemsha bongo, The $64,000 Question, na mwaka uliofuata NBC wakaja na Twenty-One. Katika Twenty-One washindani wawili waliwekwa ndani ya vibanda vya kioo, kila mtu chake, wasisikie yanayosemwa nje. Mtazamaji nyumbani aliona jasho likiwatoka na kuamini kwamba pale elimu inapimwa.

Kumbe wapi! Bingwa mmoja aliitwa Herbert Stempel. Watazamaji walikuwa wamemchoka, basi watayarishaji wakamwambia wakati wake umekwisha, ampishe kijana mtanashati Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia. Tarehe 5 Desemba 1956 Stempel aliulizwa ni filamu gani ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955. Jibu ni Marty. Stempel alilijua jibu hilo kama anavyojua njia ya kwao, na filamu yenyewe alikuwa akiipenda. Tena Marty, kabla ya kuwa filamu, ilikuwa mchezo wa kuigiza wa televisheni uliorushwa mwaka 1953. Yaani televisheni ilimwamuru mtu asahau kitu kilichozaliwa kwenye televisheni. Stempel akatii. Akataja On the Waterfront, akaangushwa.

Van Doren aliendelea kushinda mpaka akafikisha dola 129,000, huku akipewa maswali na majibu mapema. Tarehe 2 Novemba 1959 alikiri yote mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Mwaka 1960 ikatungwa sheria ya kukataza mashindano ya namna hiyo kupangwa kwa hila.

Mimi nikikitazama kisa hiki, naona kosa halikuwa kwamba watu wale waliigiza. Columbo naye anaigiza, na hakuna aliyemfikisha Bungeni. Kosa ni kwamba waliigiza huku wakisema hatuigizi. Shika neno hilo, ndugu msomaji, maana tutalihitaji huko mbele.

Njia panda

Ajabu ni kwamba mchezo wenyewe tunaousema ulipata umaarufu katika chuo hichohicho cha Columbia, mwaka 1965. Wanafunzi wawili, Ed Goodgold na Dan Carlinsky, walianza kuendesha mashindano ya kuulizana mambo ambayo hayafundishwi darasani: vipindi vya redio vya utotoni, filamu, vitabu vya katuni, na vipindi vya televisheni. Nani alikuwa jirani wa nani? Farasi wa fulani aliitwaje? Mwaka 1966 wakatoa kitabu, wakakiita Trivia.

Neno lenyewe lina ukoo na neno la Kilatini trivium, maana yake mahali zinapokutana njia tatu. Sisi tunapaita njia panda. Na sisi tunajua njia panda ni mahali gani. Ndipo muuza karanga anapokaa, ndipo vijana wanaposimama jioni, ndipo habari zinapopita bila kulipia kodi. Mambo ya njia panda si ya profesa, ni ya kila mpita njia.

Nadhani hiyo ndiyo sababu mchezo ule ulipendwa. Kijana aliyefeli hesabu angeweza kumshinda daktari, mradi tu alikuwa amekaa mbele ya televisheni na kutazama kwa makini. Katika mji wa Stevens Point, jimbo la Wisconsin, redio ya wanafunzi wa chuo kikuu ilianzisha mashindano ya aina hiyo mwaka 1969, na yakakua mpaka kuchukua saa 54 mfululizo, timu zikikesha na kahawa. Enzi zile hapakuwa na intaneti ya kumchungulia mwenzio jibu. Watu walitazama vipindi wakiwa na madaftari mapajani, wakiandika jina la duka lililoonekana nyuma ya mwigizaji, au namba ya gari iliyopita mara moja tu. Mtu unajaza daftari kwa miaka, halafu madaftari yanakuwa mengi, halafu unajiuliza: kwa nini nisitoe kitabu?

Mtego wa bwana Worth

Ndivyo alivyofanya Fred Worth. Bwana huyu alikuwa mwongozaji wa ndege huko Sacramento, California. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha ndege hazigongani, lakini mapenzi yake yalikuwa kukusanya vijambo vidogovidogo. Mwaka 1974 alitoa kitabu chake, The Trivia Encyclopedia, kilichopangwa kwa alfabeti kama kamusi. Baadaye akatoa na vingine.

Worth alikuwa na hofu ambayo kila mkusanyaji anayo. Kama mimi nimeandika kwamba mlima fulani una urefu fulani, na wewe ukaandika hivyohivyo, nitathibitishaje kwamba umeninakili mimi? Utasema umeupima mlima mwenyewe. Ukweli haubebi alama ya kidole cha mtu. Basi Worth akafanya wanavyofanya wachora ramani. Katika miaka ya 1930, wachora ramani wa kampuni moja ya Marekani walikibuni kijiji katika jimbo la New York, wakakiita Agloe, kwa kuchanganya herufi za majina yao. Kijiji hakikuwepo. Kilikuwa mtego tu, ili atakayeinakili ramani yao anakili na uwongo wao. Siku moja wakakiona Agloe kwenye ramani ya kampuni nyingine, Rand McNally, wakafurahi kwamba mwizi kanasa. Kumbe kuna mtu alikuwa amefungua duka mahali pale, na jina akalichukua kwenye ramani ileile, akaliita Duka la Agloe. Uwongo ukawa umeota mizizi, na mwizi akaponea hapo.

Mtego wa Worth ulikuwa mwembamba zaidi. Katika kitabu chake aliandika kwamba jina la kwanza la Luteni Columbo ni Philip. Hakulisikia popote. Alilitunga. Akalipanda katikati ya maelfu ya mambo ya kweli, kama mtu anayeficha sindano ndani ya gunia la mchele, akakaa kusubiri nani atachomwa.

Akasubiri miaka kumi.

Tarehe 15 Desemba 1979, huko Montreal, Kanada, waandishi wa habari wawili, Chris Haney na Scott Abbott, walitaka kucheza Scrabble wakakuta vipande havijatimia. Wakaona bora watunge mchezo wao. Ukatoka mwaka 1981 ukiitwa Trivial Pursuit: ubao, kete, na kadi zenye maswali 6,000 ya mafungu sita. Jiografia rangi ya buluu, historia njano, sayansi kijani, na burudani, ambamo ndimo televisheni imo, rangi ya waridi. Mwaka 1984 peke yake ziliuzwa nakala zipatazo milioni 20 Amerika ya Kaskazini. Njia panda ikageuka kuwa supamaketi.

Na ndani ya kadi mojawapo palikuwa na swali: jina la kwanza la Luteni Columbo ni nani? Geuza kadi usome jibu. Philip.

Sindano ilikuwa imechoma.

Kesi

Hebu jiweke mahali pa Worth. Umekaa miaka unakusanya. Unaona watu wawili wametajirika, na unajua, si kwa kuhisi bali kwa ushahidi, kwamba walikifungua kitabu chako. Alipopitia kadi alidai kwamba zaidi ya robo ya maswali yametoka katika vitabu vyake. Oktoba 1984 akafungua kesi, dola milioni 300.

Mtu angetegemea wenzake wakane. Hawakukana! Walikubali kwamba vitabu vya Worth vilikuwa miongoni mwa vitabu walivyovitumia. Wakauliza tu: kosa liko wapi? Sisi tumechukua habari, na habari ni ya umma. Mahakama ikawaunga mkono bila hata kufika kwenye kusikilizwa kikamilifu, na mwaka 1987 mahakama ya rufaa nayo ikasema vivyo hivyo. Worth alipanga mambo yake kwa alfabeti, wale wakayapanga kwa rangi za kadi. Worth aliandika maelezo, wale wakaandika maswali. Walichokichukua ni habari tupu, na habari tupu haina hakimiliki, hata kama ilikutoa jasho kuipata. Mwaka 1988 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi hiyo, ikafa.

Lakini Philip je? Philip hakuwa habari. Philip alikuwa mtoto wa Worth, kazaliwa na kichwa chake. Hapa ndipo kisa kinaponiumiza. Mtego ulifanya kazi yake yote, ukathibitisha kwamba kitabu kilitumiwa, na haukumsaidia kitu. Worth aliithibitisha habari ambayo wenzake hawakuwa wanaibisha. Naye hangeweza kusimama aseme kwamba jina lile ni kazi yake ya ubunifu, kwa sababu ndani ya kitabu alikuwa ameliuza kama ukweli. Aliyenunua alinunua ukweli.

Na jibu halisi la swali? Waliombuni Columbo, Richard Levinson na William Link, hawakumpa mtu nafasi ya kulitamka jina lake la kwanza. Lakini katika sehemu iitwayo Dead Weight, ya mwaka 1971, Luteni anaonesha kitambulisho chake, na ukisimamisha picha unasoma Frank. Enzi hizo mtazamaji nyumbani alikuwa hana kitufe cha kusimamisha picha. Kwa hiyo jibu lilipita mbele ya macho ya mamilioni, miaka mitatu kabla ya kitabu cha Worth, na likapotea kama panya anayekatiza sebule.

Majina manne ya Kansas

Worth hakuwa wa mwisho kunaswa na mtego wake mwenyewe. Katika jimbo la Kansas palikuwa na kampuni ya simu za vijijini, Rural Telephone Service, iliyokuwa ikitoa kitabu cha majina na namba za wateja wake. Kampuni nyingine, Feist, ikayachukua majina hayo bila ruhusa kwa ajili ya kitabu chake kikubwa zaidi. Walipolinganisha, maingizo 1,309 yalikuwa sawasawa, na manne kati yake yalikuwa ya watu wasiokuwepo duniani. Wenye kitabu walikuwa wameyapanda makusudi.

Ushahidi uko wazi kama mchana, au siyo? Mwaka 1991 kesi ilifika Mahakama Kuu Kabisa, na Feist wakashinda. Majaji walisema sheria ya hakimiliki haimlipi mtu jasho, inamlipa ubunifu. Kupanga majina ya watu kwa alfabeti si ubunifu.

Ukiishia hapo utasema: basi, sheria ya wenzetu haina huruma na mtu anayehangaika. Nami niliishia hapo kwa muda, nikakunja uso. Lakini miaka saba baadaye likatokea jambo lililogeuza meza.

Maswali 643

Kulikuwa na kipindi cha vichekesho cha NBC kiitwacho Seinfeld, kilichoanza mwaka 1989 na kumalizika Mei 1998. Kinahusu rafiki wanne wa New York ambao hawana shughuli kubwa zaidi ya kubishana juu ya supu, maegesho ya magari na wapenzi. Watu walikipenda hadi wakawa wanakikariri. Mwaka 1994 mwandishi Beth Golub akatoa kitabu cha chemsha bongo juu yake, The Seinfeld Aptitude Test. Kitabu kizima ni maswali, 643 kwa hesabu, yaliyotolewa katika sehemu 84 kati ya 86 zilizokuwa zimerushwa mpaka wakati huo. Nani alisema nini, nani alikula nini, nani alimdanganya nani.

Wenye kipindi wakashtaki. Mawakili wa kitabu bila shaka walijisikia salama. Si mahakama zimeshasema habari haina mwenyewe? Kwamba fulani katika Seinfeld aliiba mkate, hiyo si habari? Mtu yeyote aliyetazama anaijua.

Mwaka 1997 jaji wa New York, Sonia Sotomayor, ambaye mwaka 2009 aliingia Mahakama Kuu Kabisa, aliwapa ushindi wenye kipindi. Julai 1998 mahakama ya rufaa ikamuunga mkono, na fidia ikawa dola 403,000. Hoja yao nitaieleza kwa maneno yangu. Habari ni kitu kilichotokea, ambacho mtu hukikuta. Mambo ya Seinfeld hayakutokea. Hakuna mtu aliyeyakuta, kuna watu walioyatunga, moja baada ya jingine, wakiwa wamekaa mezani. Kwa hiyo kila swali katika yale 643 halikuuliza habari, liliuliza kipande cha utunzi wa mtu.

Sasa weka kesi hizi mbili ubavuni pa kila moja. Kitabu cha Worth ni cha kweli kikiwa na uwongo mmoja ndani yake, na akakosa hata huo uwongo. Seinfeld ni uwongo kutoka A mpaka Z, na wenyewe wakalindiwa wote, mpaka na jina la supu. Kwa nini? Kwa sababu watu wa Seinfeld hawakumwambia mtu kwamba ni kweli. Waliita uwongo wao hadithi. Mwaka 2020, katika kesi juu ya maisha ya wanamuziki wa kundi la Four Seasons, mahakama ileile ya rufaa iliyomkatalia Worth iliitamka kanuni hiyo waziwazi: ukishauambia umma kwamba maandishi yako ni kweli, huruhusiwi kurudi baadaye kudai kwamba uliyabuni ili upate haki ya mbunifu.

Soda yangu

Mimi nina sababu yangu ya kumwonea huruma bwana Worth. Kijiweni petu tulikuwa na mchezo huuhuu. Mmoja anatoa vidokezo vya tamthilia, wengine wanafumbua, anayeshindwa ananunua soda. Siku moja nilibanwa. Tulikuwa juu ya tamthilia moja tuliyokuwa tukiifuata sote, nami nikauliza: dereva wa yule tajiri anaitwa nani? Jina la dereva halikuwahi kutajwa, hata mimi nilikuwa silijui. Nikabuni. Nikasema anaitwa Sebastian, tena nikaongeza kwamba lilitajwa siku ya msiba. Jamaa wakatikisa vichwa, mmoja akasema ndiyo, hata yeye anakumbuka! Nikanywa soda yangu taratibu.

Haikupita miezi miwili, kijana wa mtaa wa pili akatutembelea, akatutega: dereva wa tajiri ni nani? Mimi nikataka kujionesha mwungwana, nikasema ukweli, kwamba dereva yule hana jina. Kijiwe kizima kikanicheka. "Sebastian, bwana! We vipi? Si lilitajwa siku ya msiba?" Nikajaribu kueleza kwamba Sebastian ni wangu, nilimtunga mimi, hapahapa, juu ya gogo hili. Nani angenisikiliza? Nikatoa hela nikanunua soda.

Usiku ule sikulala vizuri. Haikuwa kwa ajili ya hela. Nilikuwa nimetunga mtu mwenye jina, akatembea mtaa wa pili kwa miguu yake mwenyewe, watu wakamkumbuka kwa machozi ya msiba. Hiyo ndiyo kazi ninayoiota mchana na usiku! Nami nikawa siwezi kusema ni mwanangu, kwa sababu siku ya kuzaliwa nilimwandikisha kwa jina la ukweli.

Wengi wetu tunaoleta maandishi katika kurasa hizi tuna hofu ya Worth. Tunaficha miswada uvunguni, hatutaki kumsomea mtu, tunadhani kila anayesikiliza ataiba. Wengine tunajidai kwamba tunayoyaandika yalitokea kweli, kwa jirani, kwa shangazi, tukidhani ukweli utaipa hadithi uzito. Historia ya Luteni Columbo inasema kinyume. Ukweli ni yai, hauna mwenyewe, kila mtu aukute na autege. Kilicho chako ni kile ulichokitunga na ukakubali kwamba umekitunga.

Kwenye riwaya nyingi, katika kurasa za mwanzo, huwa kuna sentensi fupi inayosema majina na visa vyote ni vya kubuni. Miaka yote nilikuwa nairuka, nikidhani ni ya kumwogopa wakili. Siku hizi naisoma kama mtu anavyosoma hati ya kiwanja. Juzi nimenunua daftari jipya, na kabla ya sura ya kwanza nimeiandika kwa herufi kubwa. Halafu nikaanza kuandika habari za dereva mmoja wa tajiri. Jina lake nimemwachia lilelile.